Uzalendo wa Wachina na Kilio cha Haki za Binadamu

Mwanafunzi wa China hufundishwa mapema kwamba nchi yake ilidhalilishwa kwa miaka mia moja. Hesabu huanza mwaka 1839, Waingereza walipoingia vitani ili waendelee kuuza afyuni katika bandari za China, na huishia mwaka 1949, Mao Zedong alipotangaza Jamhuri ya Watu. Katikati yake upo Mkataba wa Nanjing wa 1842 uliowapa Waingereza Hong Kong, kuporwa na kuchomwa moto kwa kasri la Yuanmingyuan na majeshi ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1860, Taiwan kuchukuliwa na Japani mwaka 1895, na mauaji ya halaiki ya Nanjing yaliyoanza Desemba 1937. Magofu ya mawe ya Yuanmingyuan yapo hadi leo mjini Beijing, na watoto wa shule hupelekwa kuyaona. Yote hayo yalitokea kweli. Ndiyo maana neno la kukaripia kutoka Ulaya au Marekani, hata likiwa la haki, huangukia kwenye kidonda ambacho bado kinauma.

Hata hivyo, uzalendo wa kisasa wa China haukuzaliwa ukiwa adui wa haki. Tarehe 4 Mei 1919 wanafunzi wa Beijing walikusanyika mbele ya lango la Tiananmen, baada ya wakubwa waliokutana Versailles kuamua kuwakabidhi Wajapani haki ambazo Wajerumani walikuwa nazo katika jimbo la Shandong. Walikuwa wakiitetea ardhi yao, na vuguvugu lao lilidai pia sayansi na demokrasia. Miaka 29 baadaye Mchina Zhang Pengchun, anayejulikana nje kwa jina la P. C. Chang, alikuwa makamu mwenyekiti wa kamisheni iliyoandika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu chini ya Eleanor Roosevelt. Alileta mezani mafundisho ya Confucius, akashikilia kwamba tamko lisiegemee dini wala falsafa ya upande mmoja wa dunia. Kwa hiyo hoja kwamba haki za binadamu ni bidhaa ya Magharibi, inayosikika sana Beijing siku hizi, inamsahau Mchina aliyekaa kwenye meza lilipoandikwa tamko hilo.

Uzalendo na madai ya haki vilitenganishwa kwa nguvu mwaka 1989. Wanafunzi waliojaa uwanja wa Tiananmen majira yale ya kuchipua walijiona warithi wa wale wa 1919, na walikasirika walipoitwa wachochezi, kwa kuwa walijihesabu wazalendo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni jeshi liliingia na vifaru, likaua raia mamia, pengine zaidi. Nchi za Magharibi zikaweka vikwazo, na marufuku ya Umoja wa Ulaya ya kuiuzia China silaha ipo mpaka leo. Chama cha Kikomunisti nacho kilijibu kwa njia mbili. Mwaka 1991 serikali ilitoa waraka wake wa kwanza kuhusu haki za binadamu, uliosema haki ya kwanza ya mtu ni kuishi na kupata riziki. Mwaka 1994 ikazindua mpango wa elimu ya uzalendo shuleni, ambamo karne ya fedheha ndiyo somo kuu na Chama ndicho mkombozi.

Hoja ya riziki haipaswi kubezwa. Benki ya Dunia inakadiria kwamba katika miaka 40 hivi China iliwatoa karibu watu milioni 800 katika ufukara, jambo lisilo na mfano katika historia. Lakini mtu aliyeshiba hakupoteza haki ya kusema, na hapo ndipo waraka wa 1991 unapoishiwa majibu. China ilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1998, na bado haijauridhia.

Mgongano wa uzalendo na lawama za nje ulionekana waziwazi zaidi katika mbio za mwenge wa Olimpiki za 2008. Wachina walikuwa wameshaumia mara moja: mwaka 1993 Beijing ilishindwa na Sydney kwa kura 2 tu katika kugombea michezo ya 2000, huku Bunge la Marekani likiwa limepinga ombi lake kwa sababu za haki za binadamu. Walipoipata michezo ya 2008, ikawa kama cheti cha heshima kwa taifa zima. Machi mwaka huo ghasia zilizuka Lhasa, Tibet, na ukandamizaji ukafuata. Mwenge ulipofika Paris tarehe 7 Aprili waandamanaji waliuzonga njia nzima, mpaka maofisa wakalazimika kuuzima na kuupakia basini. Katika vurugu hizo mwanamke mlemavu wa mguu, Jin Jing, mchezaji wa vitara, aliukumbatia mwenge akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu huku mtu akijaribu kumpokonya. Picha yake ilienea China nzima na watu wakamwita malaika.

Kilichofuata kinafundisha zaidi ya picha yenyewe. Hasira ziligeuzwa dhidi ya maduka ya Carrefour, ya Wafaransa, na wito wa kuyasusia ukasambaa. Jin Jing alishauri watu wafikiri kwanza, kwa kuwa watakaoumia ni Wachina wenzao walioajiriwa humo. Baada ya siku chache tu tangu asifiwe, kwenye intaneti akaitwa msaliti. Uzalendo wa namna hiyo hautungwi wote na serikali. Una nguvu zake wenyewe, na humgeukia hata shujaa wake.

Tarehe 13 Aprili mwenge huohuo ulifika Dar es Salaam, kituo chake pekee barani Afrika, kabla ya kwenda Muscat. Ulikimbizwa kutoka stesheni ya TAZARA hadi uwanja wa michezo uliojengwa kwa msaada wa China, na hapakuwa na fujo. Njia ile ilisimulia urafiki wenyewe: reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina wakati wengine walikataa, na Tanzania iliyokuwa miongoni mwa waliodhamini azimio la 1971 la kuirudishia Beijing kiti chake Umoja wa Mataifa. Lakini Mkenya Wangari Maathai, mshindi wa Nobeli ya Amani, aliyekuwa amechaguliwa kuukimbiza, alijitoa kwa ajili ya haki za binadamu. Mama huyo alikuwa amepigwa na polisi wa nchi yake akitetea miti na uhuru, na hakuna aliyeweza kumwita wakala wa wakoloni.

Serikali ya China hupenda kuvichanganya vitatu, Chama, dola na taifa, ili anayekigusa kimoja aonekane amewatukana Wachina wote. Liu Xiaobo, mwandishi aliyesaidia kuandaa Mkataba wa 08 uliodai katiba na uhuru, alifungwa miaka 11. Alipopewa Nobeli mwaka 2010 kiti chake mjini Oslo kilibaki kitupu, na China ikagandisha mahusiano yake na Norway hadi mwaka 2016. Alifariki mwaka 2017 angali mfungwa. Dai lake lilikuwa la Mchina kwa Wachina.

Huko Xinjiang, Wauighuri na Waislamu wengine, wanaokadiriwa kufikia milioni moja, waliwekwa kambini kuanzia 2017. Beijing huziita vyuo vya ufundi. Ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2022 ilisema huenda yaliyotendeka ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Oktoba mwaka huo, hoja ya kuijadili tu ripoti hiyo ilikataliwa na Baraza la Haki za Binadamu kwa kura 19 dhidi ya 17. Pakistan, Indonesia na Falme za Kiarabu zilipiga kura ya hapana; katika Afrika ni Somalia pekee iliyokubali. Wanaoitetea Beijing huulaumu unafiki wa Magharibi, wakitaja Iraq na Guantánamo. Unafiki huo upo, lakini haumfungulii mlango Muighuri aliye kizuizini.

Tarehe 24 Novemba 2022 moto uliua watu 10 katika jengo la makazi mjini Ürümqi, mji mkuu wa Xinjiang, na wengi waliamini kuwa vizuizi vya korona viliwazuia kutoka. Wachina wa kabila la Han huko Shanghai na Beijing waliingia barabarani kuwaombolezea, wakiinua karatasi nyeupe zisizo na neno, wakiimba wimbo wa taifa. Mtu mmoja mjini Beijing alipoonya kwamba kuna mkono wa wageni, umati ulimzomea, na mmoja akauliza kama wageni hao ni Marx na Engels. Tarehe 7 Desemba serikali ililegeza masharti ya korona nchi nzima. Baadhi ya vijana walioshika karatasi zile walikamatwa wiki zilizofuata.