Marufuku ya redioni haifiki kwenye memori kadi ya mtoto

Wimbo ukifungiwa Dar es Salaam, redio zinaacha kuupiga. Lakini bodaboda anayetoka Mbulu mjini kwenda Dongobesh bado anao kwenye spika yake. Kijana anayechunga ng'ombe karibu na Ziwa Bassotu anao kwenye memori kadi. Na mtoto wako wa darasa la sita, aliyeazimwa simu ili apige picha mazoezi ya hesabu, anajua upo kwenye faili gani.

Wazazi wengi wa wilaya za Mbulu na Hanang tumenunua simu janja miaka ya karibuni. Vitunguu saumu vikipata bei, au ndama akiuzwa mnadani, simu ni moja ya vitu vinavyoingia nyumbani. Tunainunua kwa ajili ya kutuma pesa na kuongea na ndugu walio mbali. Jioni inahamia mikononi mwa watoto. Maoni yangu ni haya: serikali ifungie nyimbo na video inavyoona inafaa, lakini mchujo wa mwisho ni mzazi anayekaa na kusikiliza pamoja na mtoto.

Funzo la wimbo wa "Mwanza"

Novemba 2018, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny akimshirikisha Diamond Platnumz. Tatizo lilikuwa kwenye mchezo wa maneno. Jina la Nyegezi, eneo lenye stendi ya mabasi jijini Mwanza, lilirudiwarudiwa kwa namna iliyoleta maana ya matusi. Mwezi uliofuata wasanii hao wakauimba jukwaani huko huko Mwanza, nalo baraza likawafungia kufanya maonyesho. Wakaomba radhi, na Januari 2019 adhabu ikaondolewa.

Machi 2024 ikawa zamu ya Zanzibar. Baraza la huko, BASSFU, lilimfungia Zuchu kwa miezi 6 kutokana na onyesho alilofanya Kendwa. Wakati adhabu inatangazwa, vipande vya onyesho lenyewe vilikuwa vimeshasambaa kwenye simu za watu.

Silaumu mabaraza, hiyo ni kazi yao. Ila tazama jambo hili kwa jicho la mtoto wa Katesh ambaye hajawahi kufika Mwanza. Amesikia jina la mahali kwenye wimbo mtamu. Kisha anasikia umefungiwa, na anataka kujua kwa nini. Nani atamweleza? Mama anaona aibu, mwalimu ana vipindi. Anayebaki ni kijana wa kibandani anayejaza nyimbo kwenye memori kadi, naye ataeleza kwa namna yake.

Bibi anapiga vigelegele

Kwetu kuna ugumu mwingine ambao mzazi wa Dar es Salaam hana. Katika nyumba nyingi bibi anaongea Kiiraqw au Kidatoga, mama ana Kiswahili cha sokoni na kanisani, na mtoto ameleta Kiswahili cha mitaa ya Dar kutoka kwenye simu. Maneno hayo yanabadilika kila baada ya miezi michache. Mafumbo ya Bongo Fleva yamejificha humo humo.

Nenda kwenye harusi uone. Sabufa inapiga, watoto wako mbele wanacheza, wazee wanashangilia. Bibi anapiga vigelegele kwa maneno ambayo angeyaelewa angezima muziki kwa mkono wake. Mtoto wa miaka 11 anayaelewa. Anawaangalia wakubwa wote wanapiga makofi, na anachobeba kwenda nyumbani ni kwamba maneno hayo yameruhusiwa.

Haya hayamaanishi muziki wote ni mbaya. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa "Ndiyo Mzee", wimbo uliowachekesha Watanzania huku ukiwaonyesha ahadi hewa za wanasiasa. Mwaka 2015 mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi. Kuna wazazi waliojifunza siasa kwa wimbo ule kuliko kwa mkutano wowote. Mzazi anayesema "zima takataka hiyo" bila kusikiliza anatupa mbegu pamoja na makapi, na mtoto anajifunza kutumia visikilizi.

Picha zinazotuhusu wenyewe

Simu haileti nyimbo peke yake. Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika makazi ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Siku ile simu zilifanya kazi kubwa: ndugu walitafutana na nchi nzima ikachangia. Lakini picha zile hazijaondoka. Mvua ikianza kunyesha kwa nguvu, kuna mtu atazirusha tena kwenye kundi la WhatsApp. Mtoto aliyempoteza mama yake anakaa wilaya hii hii, na simu ya shangazi yake iko kwenye kundi hilo. Kabla hujabonyeza kutuma, mfikirie huyo.

Kuna pia video za jirani zetu Wahadzabe wa Yaeda Chini, Mongo wa Mono na Domanga. Wageni wanakuja na kamera, wanarekodi uwindaji na ulaji wa nyama, kisha wanaweka YouTube ambako watazamaji wanafika mamilioni. Chini yake watu wanaandika kejeli. Mtoto wa Mbulu anazitazama na kucheka, ilhali darasani anaweza kuwa amekaa dawati moja na mtoto wa Kihadzabe. Mweleze kwamba hao ni wenyeji wa bonde lile, na mwaka 2011 serikali iliwapa hati za kimila za ardhi yao. Kisha muulize: fedha za video hii zinakwenda kwa nani? Hilo ni swali ambalo mtoto wa darasa la tano analiweza.

Na tusisahau wanetu wenyewe. Kuna wazazi wanaorekodi mtoto wa miaka minne akikata kiuno na kumweka TikTok apate "likes". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Hata bila sheria, mtoto huyo atakua, na video itakuwepo.

Tufanye nini?

Anza na simu yenyewe. TikTok haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kufungua akaunti, na ina mpangilio wa kuunganisha akaunti ya mzazi na ya kijana wake. Kwa simu za Android kuna programu ya bure ya Family Link, inayokuwezesha kuweka muda wa kutumia simu na kuchagua programu anazopakua mtoto. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Utaokoa bando, na picha usizozitaka hazitajaa kwenye simu anayochezea mtoto.

Memori kadi haina mpangilio wa namna hiyo. Hapo kinachohitajika ni sikio lako. Jumamosi jioni, mahindi yakichomwa, mwambie mtoto awe didijei. Apige nyimbo tatu anazozipenda, kwa sauti, kila mtu asikie. Usigombe. Muulize: anaimba nini hapa? Neno hili lina maana gani? Ungeweza kumtafsiria bibi kwa Kiiraqw? Swali hilo la mwisho lina nguvu kuliko marufuku. Wimbo mzuri utatafsirika na bibi atacheka. Wimbo mbaya mtoto ataukwepa mwenyewe, na sababu atakuwa ameitambua kwa akili yake.

Kisha mgeuzieni bibi na babu simu hiyo hiyo. Wazee wa Kiiraqw wana slufay, sala ya kishairi ambayo mzee anaitamka na waliopo wanaitikia. Wadatoga nao wana nyimbo zao za ng'ombe na za ndoa. Ombeni ruhusa, mtoto arekodi, ahifadhi kwenye ile memori kadi, kisha aulize maana ya maneno asiyoyajua. Kwa mara moja mkubwa ndiye atakuwa na maneno magumu, na mtoto ndiye atakuwa anauliza.