Turudishe mshono wa skauti wa zamani, beji tuwaachie wenyewe

Mgeni rasmi akifika kwenye shule au uwanja wa mkesha wa Mwenge mjini Mbeya au Iringa, mara nyingi humkuta kijana wa skauti akimsubiri na skafu mkononi. Atavishwa, atapigiwa saluti, ndipo ratiba iendelee. Skafu hiyo ndiyo kipande pekee cha sare ya zamani ya skauti ambacho mtu wa kawaida bado anakiona. Vingine, yaani shati zito la kaki lenye mifuko miwili ya kifuani, kaptula inayogusa goti, soksi ndefu, mkanda mpana wa ngozi na kofia ya ukingo mpana, vimebaki kwenye picha za ukutani za wazee waliosoma kabla ya Uhuru. Hoja yangu ni kwamba mshono huo unastahili kurudi mitaani, tena kama nguo ya kazi na ya kutokea kwa mtu yeyote, si kama sare.

Nguo hizo hazikubuniwa kwa ajili ya gwaride. Robert Baden-Powell, aliyeendesha kambi ya kwanza ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, alikuwa amehudumu kusini mwa Afrika, na sare aliyoipendekeza ilifuata mavazi aliyoyazoea huko porini. Kofia ilizuia jua na mvua. Mifuko yenye vifuniko na vifungo ilishika daftari, kamba na kisu bila kudondosha kitu mtu anapoinama. Skafu ilikuwa kitambaa cha pembetatu, na ikifunguliwa iliweza kuwa bendeji au kombeo la mkono uliovunjika. Uskauti ulifika Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917, na kila kitu katika vazi lake kilikuwa na kazi. Ukitazama mashati mengi yanayouzwa leo, yenye mfuko wa pambo usioingia hata simu, utaona tulichopoteza.

Nyanda za Juu Kusini zinalihitaji vazi la namna hii kuliko Pwani. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nyuzijoto hushuka chini ya kumi. Asubuhi baridi, mchana jua kali na vumbi, jioni upepo: hali hiyo inataka shati zito la pamba, la mikono mirefu inayokunjika, ambalo sweta linakaa juu yake bila kujikunja. Kaptula naikubali kwa mchana tu. Anayetaka kuivaa saa kumi na mbili asubuhi pale Uyole na ajaribu; mimi ningemshauri fundi ashone suruali kwa kitambaa kilekile.

Pingamizi la kwanza ni la bei, nalo ni zito. Shati la mtumba pale Mwanjelwa au Mlandege litakuwa rahisi kuliko la kushonesha. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba kufikia 2019, lakini Marekani ilipotishia kuziondolea nafuu ya ushuru, Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Kwa hiyo sisemi fundi atamshinda mwenye robota kwa bei. Atamshinda kwa kipimo na uimara. Shati la kaki lililoshonwa mara mbili kwenye maungio, lenye kitambaa cha ziada begani, hupita miaka mingi, na likichanika hurudi kwa fundi yuleyule. Mafundi wenyewe wapo. Wanaoshona sare za shule kila Januari tayari wanajua ukosi, vifuniko vya mifuko na marinda ya mgongoni, na baada ya msimu huo kazi hupungua.

Pingamizi la pili ni la historia: kwa nini tufufue nguo za mkoloni, tena Iringa, nchi ya Mkwawa? Swali ni la haki, ila linasahau kwamba Waafrika waliigeuza nguo hiyo kuwa yao mapema sana. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu uskauti katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, anaonyesha vijana waliounda vikundi vyao bila kibali na kuvaa sare hiyo kwa tafsiri yao wenyewe, jambo lililowakera watawala. Koti la porini la Wazungu nalo lilipata jina la rais wa nchi jirani, na leo mzee wa Tunduma aliyevaa Kaunda suti hamuigi Mwingereza yeyote. (Bunge la Kenya lilipoipiga marufuku ukumbini Novemba 2023, wengi waliilalamikia marufuku hiyo kwa jina la Uafrika.) Tena kuna kisa cha Malangali, Mufindi. Shule ile ilipoanzishwa mwaka 1928 chini ya W. Bryant Mumford, ni Mwingereza huyo aliyetaka wanafunzi wavae kienyeji badala ya shati na kaptula. Mpango wake haukudumu. Mamlaka ya kumwamulia Mwafrika avae nini ndiyo iliyokuwa ya kikoloni, kuliko kitambaa chenyewe.

Pingamizi la tatu nalikubali karibu lote. Chama cha Skauti Tanzania kina sare yake hai, na beji hupatikana kwa ahadi na mafunzo. Kuivaa bila kuipata ni kujifanya. Isitoshe, Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi yanayofanana na ya kijeshi, na kijana mwenye shati la kaki lenye alama begani anaweza kujikuta akijieleza kituoni. Kwa hiyo nguo hii ishonwe bila beji, bila alama za cheo, bila mabaka, na ikiwezekana kwa rangi nyingine: bluu iliyoiva, kijani cha chai ya Mufindi, au kahawia.

Kinachokosekana ni mifano ya kukatia. Makumbusho ya Boma la Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yangeweza kukusanya sare za zamani zilizosalia kwenye masanduku ya familia, na mafundi wakaruhusiwa kupima na kunakili mikato yake. Kama kwenu lipo shati la babu la miaka hiyo, msiligeuze dekio. Lipelekeni likapimwe.