Kila shujaa ana udhaifu wake: jinsi katuni zinavyoweza kumsaidia mtoto wako kulinda afya yake

Mtoto akishajifunga kanga ya mama mgongoni na kuanza kuruka kutoka kwenye kochi, ujue huyo leo ni Superman. Kesho atakuwa Spider-Man, anataka kukwea ukuta. Walezi wengi huona ni utundu tu. Lakini hadithi hizi za mashujaa wenye nguvu za ajabu zinaweza kukusaidia katika mambo yanayotuhangaisha sisi wauguzi kila siku: mtoto anywe dawa, akubali chanjo, na zaidi ya yote, aseme mapema anapojisikia vibaya.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtoto mwenye selimundu (wengi huita siko seli), pumu au kifafa anaishi na mwili unaohitaji uangalizi wa kila siku. Akifundishwa kwamba ujasiri ni kunyamaza, atanyamaza na maumivu yake, na mtafika kituo cha afya mmechelewa. Akifundishwa kwamba ujasiri ni kujua udhaifu wako na kuomba msaada, maisha yake yatakuwa salama zaidi.

Mashujaa hawa walilelewa na watu kama wewe

Superman, aliyeanza kuchapishwa Marekani mwaka 1938, katika hadithi yake alitoka sayari nyingine akiwa mtoto mchanga. Waliomwokota na kumlea ni mume na mke wakulima, familia ya Kent. Spider-Man, aliyeanza mwaka 1962, ni yatima aitwaye Peter Parker. Alilelewa na Ben, ndugu wa baba yake, pamoja na May, mke wa Ben. Batman naye alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo, akabaki mikononi mwa Alfred, mtumishi wa nyumbani kwao.

Huku kwetu pwani tunaye Fumo Liyongo. Masimulizi yanasema alikuwa na nguvu kuliko watu wote, lakini alipofungwa gerezani nguvu hizo hazikumtoa. Kilichomtoa ni mkate aliopelekewa na mama yake, ndani yake mkiwa mmefichwa tupa ya kukatia minyororo.

Kwa hiyo kama wewe ni mama, bibi, shangazi au jirani unayelea mtoto wa mwenzako, usijione mdogo katika hadithi hii. Mtoto hajiamini kwa sababu ya vazi la Spider-Man. Hujiamini kwa maneno anayoyasikia nyumbani kila siku.

Mfundishe kwamba kila shujaa ana sehemu dhaifu

Superman huishiwa nguvu akikaribiana na jiwe la kijani liitwalo kryptonite. Liyongo hakudhurika kwa mkuki wala mshale, ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Udhaifu huo hauwafanyi waache kuwa mashujaa.

Mweleze mtoto hivyohivyo: "Na mwili wako una jiwe lake la kijani. Tulijue, tukae nalo mbali." Kisha mtajie yake kwa majina.

Kwa mtoto mwenye selimundu: chembe nyekundu za damu hubadilika umbo zikawa kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanza. Mambo yanayochochea ni:

- kukaa na kiu muda mrefu;
- baridi, mvua na nguo zilizolowa;
- kucheza mpaka kuchoka kupita kiasi;
- maambukizi, ikiwemo malaria.

Kwa mtoto mwenye pumu: vumbi, moshi wa kuni au wa sigara, mafua, na kwa baadhi yao baridi au mbio.

Baada ya kutaja udhaifu, taja silaha: chupa ya maji inayokwenda naye shuleni, sweta, chandarua, dawa za kila siku alizoandikiwa, kifaa cha kuvuta dawa ya pumu. Mtoto anayeelewa kwa nini anabeba maji hahitaji kukumbushwa mara kumi.

Jambo moja zaidi. Siri ya Liyongo iliangukia kwa wasiomtakia mema. Ya mtoto wako iwafikie wanaomtakia mema: mwalimu wa darasa, bibi anayebaki naye, dada wa kazi. Waeleze ni dalili zipi waziangalie na wakupigie simu wakati gani.

Shujaa husema mapema

"Shujaa halii." "Mtoto wa kiume hasemi anaumwa." Maneno haya tunayasema kwa nia njema, lakini humfundisha mtoto kuficha. Badala yake mwambie: "Shujaa wangu ni yule anayeniambia mapema." Akikuambia, hata kama ni usiku wa manane, usimkaripie. Ukimkaripia leo, kesho atakaa kimya.

Kwa watoto wakubwa, filamu ya Iron Man 3 ya mwaka 2013 ina funzo zuri. Tony Stark, tajiri mwenye vazi la chuma, anapata mishtuko ya hofu: moyo unaenda mbio, pumzi inabana, usingizi hauji. Muulize kijana wako: "Unadhani kwa nini hakuwaambia wenzake tangu mwanzo? Wewe ungemwambia nani?" Ni njia rahisi ya kuanza kuzungumzia hofu bila kumbana.

Mfundishe mtoto mwenye selimundu, na ujue wewe mwenyewe, dalili ambazo hazisubiri asubuhi:

- homa ya nyuzi joto 38 au zaidi;
- maumivu makali yasiyotulia kwa dawa mliyopewa;
- maumivu ya kifua au kupumua kwa shida;
- kupauka ghafla, au tumbo kuvimba upande wa kushoto juu;
- mkono, mguu au uso kulegea upande mmoja, kushindwa kuongea vizuri, au degedege;
- kwa mvulana, uume kusimama na kuuma bila kulegea.

Ukiona mojawapo, mpeleke hospitali mara moja.

Mchezo mdogo wenye faida

Mwaka 2017 jarida la kitaalamu la Child Development lilichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa watoto 180 wa miaka 4 na miaka 6. Walipewa kazi ya kuchosha ya dakika 10, na waliruhusiwa kuiacha wakati wowote wakacheze mchezo wa kwenye kompyuta ndogo. Baadhi waliambiwa wajiulize, "Je, ninafanya kazi kwa bidii?" Wengine walijiuliza wakitumia majina yao wenyewe. Wengine walijifanya mhusika wanayempenda, kama Batman, na kujiuliza, "Je, Batman anafanya kazi kwa bidii?" Waliojifanya Batman na wenzake ndio waliovumilia kazi muda mrefu zaidi.

Utafiti ule haukuhusu dawa, lakini unaweza kuujaribu nyumbani. Badala ya kugombana kila jioni, uliza: "Je, Spider-Man ameshakunywa dawa yake?" "Black Panther anamaliza maji ya chupa nzima au anabakisha?" Mwache ajibu kama shujaa, kisha afanye. Akikataa, usilazimishe mchezo. Dawa inywewe kama kawaida.

Siku ya sindano

- Mwambie ukweli: "Itauma kidogo, halafu itaisha." Ukimwambia haiumi, safari ijayo hatakuamini.
- Mpakate akiwa amekaa wima, akuegemee. Mtoto anayenyonya mpe ziwa wakati wa kuchomwa.
- Mpe kazi: apulize pumzi taratibu kama anayepoza uji wa moto.
- Kama muuguzi anaona inafaa, mwache mtoto achague mkono.
- Baadaye msifie alichokifanya: "Ulitulia mkono wako mpaka mwisho." Msifie hata kama alilia. Kulia hakuharibu chanjo.

Na tafadhali, usimtishe mtoto kwa kumwambia, "Ukisumbua nesi atakuchoma sindano." Unamfanya atuogope siku atakayotuhitaji.

Hadithi zina mipaka yake

Kwanza, usalama. Mtoto mdogo bado anachanganya katuni na maisha halisi. Mwambie waziwazi kwamba kuruka angani ni kwa katuni tu, na kwamba hakuna kupanda paa wala dirisha. Usimfunge kanga wala kamba shingoni, inaweza kunasa na kumkaba. Ishikize mabegani kwenye nguo, kwa namna itakayoachia ikivutwa.

Pili, kujiamini si dawa. Chadwick Boseman, aliyeigiza Black Panther kwenye filamu ya mwaka 2018, aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana mwaka 2016. Aliendelea kuigiza huku akifanyiwa upasuaji na kupata tiba ya dawa za saratani, akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka 43. Hakufariki kwa kukosa ujasiri. Kwa hiyo usimwambie mtoto, "Ukijiamini utapona." Hali ikibadilika, atadhani kosa ni lake. Mwambie, "Tutafanya sehemu yetu, na nitakuwa nawe." Usiache dawa wala kliniki kwa sababu mtoto anaonekana mwenye nguvu.

Na wewe mama, una timu?

Tumezoea kumsifu mama asiyelala, asiyelalamika, anayebeba kila kitu peke yake. Lakini hata mashujaa wa katuni huungana wakawa kikosi. Wewe nawe panga chako: nani atabaki na wadogo ukilazwa na mgonjwa, nani atakukopesha nauli, nani atakuletea chakula wodini. Panga kabla ya dharura, na uwaambie wahusika.

Ukiona kwa wiki mbili au zaidi hupati usingizi, huli, unalia mara kwa mara au huoni raha kwa lolote, mweleze muuguzi wa kliniki unayoenda. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu wa karibu na uende kituoni siku hiyohiyo. Huo si udhaifu wa malezi. Ni ugonjwa, na una tiba.

Leo jioni, wakati wa kula, muulize mtoto wako maswali matatu kuhusu shujaa anayempenda: Nguvu yake ni ipi? Udhaifu wake ni upi? Akizidiwa humwita nani? Halafu mrudie na maswali hayohayo kuhusu yeye mwenyewe. Jibu la swali la tatu lisikilize kwa makini. Kama bado hana wa kumwita, mwambie kwamba wewe upo, na mpe jina la mtu mmoja zaidi.