Friza iko Buyenzi, mwenyewe yuko Uvira: kibao kidogo kinachopeleka taarifa umeme ukikatika

BUJUMBURA. Anayeuza mukeke na sangala hapa mjini anaweza kuvuka Gatumba asubuhi, akaenda Uvira kufuata fedha zake na kurudi kabla ya giza. Safari yenyewe si ndefu. Tatizo ni friza aliyoiacha nyuma. Umeme ukikatika saa nne asubuhi ukarudi saa kumi, hakuna atakayemwambia. Barafu imeyeyuka kisha imeganda tena, samaki wanaonekana wazima kwa juu, na anayegundua kilichotokea ni mteja wa kesho yake akishafika nao nyumbani.

Kwa sababu hiyo nilikaa siku mbili kwenye meza ya fundi mmoja wa Buyenzi, kitongoji cha gereji, vipuri na Kiswahili, kuangalia anavyomtengenezea mwenye friza kifaa cha kutoa taarifa. Hakuna kitu cha ajabu ndani yake: kibao cha Raspberry Pi kilichotumika, sensa ya joto, modemu ya USB yenye laini ya simu, betri ya volti 12, na nyaya chache. Kazi zenyewe ni zile za mwanzo kabisa ambazo kila anayenunua kibao cha namna hii hukutana nazo. Wanaovuka mipaka na vibao hivi kwenye mabegi wangefaidika kuzijua, kwa sababu bidhaa nyingi wanazorudishiwa kwa madai ya kuwa ni mbovu ziliunguzwa na mnunuzi mwenyewe.

Kibao hiki ni kompyuta kamili yenye ukubwa wa kadi ya benki, inayoendesha mfumo wa Linux kutoka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Cha kwanza kilitoka Uingereza tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Tofauti yake na kompyuta ya mezani ni ile safu mbili za pini pembeni, 40 kwa jumla tangu toleo la mwaka 2014. Kupitia pini hizo programu inaweza kuwasha taa, kusoma joto au kujua kama mlango umefunguliwa. Kuna ndugu yake mdogo anayeitwa Pico, ambaye haendeshi Linux kabisa. Wauzaji wengi huchanganya hivi viwili. Mteja akiomba kibao cha Linux ukampa Pico kwa sababu maandishi ya boksi yanafanana, umempa kitu kingine.

Fundi alianza na umeme. Matoleo ya 3 yanahitaji volti 5 na ampea 2.5, toleo la 4 linahitaji ampea 3, na la 5 linafika ampea 5 likitumika kikamilifu. Chaja ya simu ya bei rahisi itakiwasha kibao, na hapo ndipo watu hudanganyika, maana baadaye kinajizima chenyewe au kinaharibu kadi. Njia ya kukagua ni kuandika vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, umeme ni mzuri. Likiwa 0x50000, umeme uliwahi kushuka chini ya kiwango tangu kibao kiwashwe, hata kama sasa umetulia. Ukinunua kibao kilichotumika, kwanza kipe kazi kwa dakika kumi, kisha uliza swali hilo. Ni kipimo cha bure.

Kuna jambo dogo lililotupotezea nusu saa. Kibao kilikuja kimepangwa kwa kibodi ya Kiingereza, na kibodi ya mezani ilikuwa ya Kifaransa kama nyingi za hapa na za Uvira. Nenosiri lilikataliwa mara sita kwa sababu A ilikuwa inaandika Q. Anayepeleka mzigo Kigoma hatakutana na kero hii, lakini anayeuza Bujumbura au Bukavu afadhali abadilishe mpangilio kabla ya kumkabidhi mteja.

Baadaye ikaja taa. Huwezi kuunga taa ya LED moja kwa moja, lazima ipitie rezista, na ya omu 330 inafaa. Mguu mrefu wa taa ulikwenda kwenye rezista na kutoka hapo hadi pini ya 11, mguu mfupi ukaenda pini ya 9 ambayo ni ya ardhi. Pini ya 11 kwenye Linux inaitwa 17, na hapa wengi hupotea: namba ya kuhesabu kwa kidole si namba inayotumiwa na programu. Fundi aliandika pinctrl set 17 op dh, taa ikawaka. Akabadilisha herufi mbili za mwisho kuwa dl, ikazima. Mwenye friza, aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi, alisogeza kiti karibu.

Pini moja isibebeshwe zaidi ya miliampea 16 hivi. Kipaza mlio kikubwa, feni au mota ndogo haviungwi hapo moja kwa moja, vinahitaji transista katikati.

Sensa ya joto iliyotumika ni DS18B20, ile yenye waya mrefu na kichwa cha chuma kisichoingiza maji. Ina nyaya tatu: mweusi wa ardhi, mwekundu wa volti 3.3 kutoka pini ya 1, na wa tatu wa taarifa kwenda pini ya 7. Kati ya mwekundu na ule wa taarifa panawekwa rezista ya kilo-omu 4.7, na bila hiyo sensa haisikiki. Rangi zenyewe usiziamini sana, soma karatasi ya muuzaji au pima. Katika faili la config.txt unaongezwa mstari mmoja, dtoverlay=w1-gpio, kibao kinazimwa na kuwashwa upya. Baada ya hapo sensa inaonekana ndani ya Linux kama folda yenye jina linaloanza na 28, na kuisoma ni kufungua faili tu. Mstari wa kwanza ukimalizika na YES, usomaji umefaulu. Wa pili unamalizika na namba kama t=4187, maana yake nyuzi 4.187. Ukiona t=85000, usiogope kwamba friza inachemka: hiyo ndiyo namba ambayo sensa huanza nayo inapopata umeme, na kwa kawaida inaashiria waya uliolegea.

Sensa za bandia zimejaa sokoni, na hapa mfanyabiashara anaweza kujilinda bila kompyuta kubwa wala maabara. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza sensa, subiri dakika tatu. Nzuri itasoma karibu na sifuri, ndani ya nusu nyuzi. Ukitaka kupima na maji ya moto, kumbuka Bujumbura iko juu ya mita 770 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 97. Usiitupe sensa kwa kukataa kufika 100.

Friza ya samaki inatakiwa kukaa nyuzi 18 chini ya sifuri. Lakini kusubiri joto lipande ndipo upate taarifa ni kuchelewa, kwa kuwa friza iliyojaa na kufungwa huchukua saa nyingi kupoteza ubaridi. Mwenye mali anataka kujua umeme ukikatika, wakati ule ule, ili bado awe na muda wa kumpigia jirani atafute barafu. Hivyo kibao kinaendeshwa na betri, na chaja ya zamani ya simu inachomekwa kwenye soketi ile ile ya friza kama shahidi. Chaja ikiwa hai, umeme upo.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko pote. Chaja inatoa volti 5, na pini za kibao zinavumilia 3.3 tu. Kibao changu cha kwanza kilikufa kwa kosa hili: niliunga waya mwekundu wa chaja moja kwa moja kwenye pini ya 13, hakukuwa na moshi wala harufu, kibao kikazima na hakikurudi tena. Nilikwenda kwa muuzaji kwa hasira. Alinibadilishia, na hadi leo naona aibu, kwa sababu kosa halikuwa lake. Dawa ni rezista mbili. Kutoka waya wa volti 5 weka ya kilo-omu 10 hadi pini ya 13, na kutoka pini hiyo weka ya kilo-omu 20 hadi ardhi. Volti 5 zinagawanyika, pini inapata 3.3. Ardhi ya chaja na ardhi ya kibao lazima ziunganishwe, la sivyo pini itasoma upuuzi. Kisha pinctrl get 27 inasema hi umeme ukiwepo na lo ukikatika. Waya za volti 220 zenyewe hakuna anayezigusa katika kazi hii yote, na ndiyo sababu ya kutumia chaja.

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84. Kibao na modemu vikila wati tatu hadi nne, nusu ya betri inatosha kuvuka mchana mzima.

Yalibaki mambo mawili ambayo maduka hayasemi. Toleo la 3 na la 4 hayana saa ya ndani yenye betri, kwa hiyo kibao kikizima kabisa bila intaneti, kikiamka kinaendelea na saa ya zamani, na kumbukumbu za friza zinakuwa na tarehe za uongo. Fundi alipachika kisaa cha DS3231. Ukiandika i2cdetect -y 1, kinajitokeza kwa namba 68. La pili ni kadi ya kumbukumbu: kuzima kwa ghafla huiharibu, na kadi bandia iliyoandikwa gigabaiti 64 inaweza kuwa na 8 tu. Ijaze yote kabla ya kuiuza, kisha soma ulichoandika.

Kwa wanaoleta vibao hivi: kompyuta ziko kwenye asilimia sifuri katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, lakini VAT ni suala jingine na kila nchi ina yake, hapa ni asilimia 18. Cheti rahisi cha uasilia, kinachowasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kibao kilichotengenezwa Wales hakiingii humo, hata kama umekinunua Nairobi na una risiti ya Nairobi. Mwaka 2023 Raspberry Pi ilitangaza kuanza kutengeneza baadhi ya bidhaa zake Nairobi na Gearbox Europlacer, hivyo soma boksi limeandikwa wapi kabla ya kujaza fomu. Beba risiti na tenga vibao na chaja, maana chaja si kompyuta.

Siku ya pili saa nane mchana fundi aliichomoa soketi. Ujumbe haukuja. Modemu ilikuwa imechukua jina jingine ndani ya Linux baada ya kuchomolewa na kurudishwa, na programu ilikuwa inaita jina la zamani. Alirekebisha, akachomoa tena, simu ya mwenye friza ikalia ikiwa mfukoni mwake. Kisha mwenyewe akauliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: mnara wa simu ukikosa umeme pamoja na mtaa, ujumbe utapita wapi? Programu ikabadilishwa. Sasa kibao kinatuma salamu mbili kila siku, saa moja asubuhi na saa saba mchana, zikiwa na joto la friza. Salamu isipofika, anapiga simu kwa jirani bila kusubiri.

Alhamisi alivuka kwenda Uvira. Ya saa saba ilimfikia: nyuzi 17 chini ya sifuri.