Maksai wa 1908 wachorwe upya, lakini wasigeuzwe Friesian

Kama una watoto nyumbani unajua nguvu ya filamu ya vibonzo. Mtoto hukataa hata chai, na alichokiona hapo hakimtoki kichwani. Kwa hiyo anayetaka kuisimulia historia yetu kwa vibonzo amebeba mzigo mzito kuliko ule wa kuchora picha za kupendeza.

Tuchukue Ainabkoi, kusini-mashariki mwa Eldoret. Julai 1908 meli iitwayo Windhuk ilitia nanga Mombasa ikiwa na makumi ya familia za Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Walipanda treni hadi Nakuru, kisha wakafunga maksai kwenye magari yao na kuipenya misitu ya ukingo wa Bonde la Ufa hadi uwanda wa Uasin Gishu. Oktoba walikuwa Sergoit.

Miaka 3 kabla ya hapo, Oktoba 19, 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliopinga reli na utawala wa Waingereza, alipigwa risasi na kuuawa alipokwenda kuzungumzia amani. Ng'ombe wa Wanandi walitekwa kwa maelfu.

Hapo pana filamu fupi ya dakika 5. Je, wewe mwanafunzi mwenye penseli, utaanzia wapi?

Wahusika kwanza

Usianze na sura. Anza kwa kuuliza: huyu anataka nini? Mwenye gari anataka kupanda mlima kabla mvua haijageuza njia kuwa tope. Kijana anayetangulia mbele ya maksai anataka jioni ifike apumzishe miguu. Msichana mchungaji anayewatazama kutoka mtoni anataka ndama wake wanywe maji. Wote watatu wanategemea nyasi zile zile na maji yale yale, na kisa chako kimekwisha kuanza.

Sasa wachore. Kila mmoja apate karatasi yake: anavyoonekana mbele, ubavuni na nyuma, ili asibadilike kimo kila anapotokea. Halafu wapake wino mweusi wote wabaki vivuli. Kama huwezi kumtambua msichana kwa umbo la kivuli chake, rudi mezani. Mzee wa Kinandi naye asichorwe kama mganga wa kutisha watoto, wala Kaburu asipewe meno ya fisi. Ukimfanya mtu kinyago, mtazamaji hatajiuliza kwa nini alitenda alivyotenda.

Mguu upi hutangulia?

Wachoraji wengi hushindwa kwa wanyama. Mwaka wa 1878 huko Marekani, Eadweard Muybridge alipanga kamera kando ya njia, akampiga picha farasi anayekimbia. Picha zilionyesha kwamba kuna wakati kwato zote 4 haziko chini, lakini si pale miguu inaponyooshwa mbele na nyuma kama wasanii walivyozoea kuchora. Hata waliotengeneza The Lion King ya 1994 waliletewa simba hai studioni wamtazame. Hapa kwetu, hadithi za Tinga Tinga Tales zilizoanza kuonyeshwa 2010 zilihuishwa Nairobi, kwa hivyo usidhani kazi hii ni ya ng'ambo tu.

Huna haja ya simba. Simama kando ya njia, utazame ng'ombe akitembea. Utaona mguu wa nyuma wa kushoto, kisha wa mbele wa kushoto, halafu wa nyuma wa kulia, na mwisho wa mbele wa kulia. Kile unachokiita goti la nyuma lililopinda kinyume ni kifundo chake. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Mtazame pia akiinuka: ng'ombe huinua makalio kwanza, farasi hutanguliza miguu ya mbele. Ukikosea hapo, mtoto yeyote aliyekulia kijijini atakucheka.

Maksai anayevuta ana lugha yake. Kichwa huinama, shingo husukuma nira, miguu ya nyuma hukunjika ikitafuta nguvu. Mnyororo hukaza, na gurudumu ndilo la mwisho kusogea. Likianza gurudumu, gari litaonekana jepesi kama karatasi.

Hesabu nayo haikwepeki. Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Ukiutumia kila mchoro mara 2, dakika 5 zinadai michoro 3,600. Gari moja liliweza kuvutwa na maksai 16, yaani miguu 64, idadi ambayo wenyeji wa Eldoret wataitabasamia, maana mji wao ulianzia shamba nambari 64 na bado huitwa Sisibo. Chora mwendo wa maksai mmoja, uurudie, lakini kila mmoja aanze kwa wakati wake. Wakikanyaga pamoja watafanana na makurutu kwenye gwaride.

Mtego wa Ainabkoi

Ukienda Ainabkoi leo kuchora ng'ombe, utakutana na Friesian wa maziwa, mikaratusi, mashamba ya mahindi na reli. Usiviingize. Mikaratusi asili yake ni Australia, reli ilifika Eldoret 1924, na ng'ombe wa nyanda hizi enzi hizo walikuwa wa kienyeji wenye nundu, na mbele ya nundu hiyo ndipo nira hukaa. Ukimfunga nira Friesian utakuwa umewafuta ng'ombe wa wenyeji, na pamoja nao kumbukumbu kwamba ardhi hiyo ilikuwa na wafugaji wake kabla gari la kwanza halijafika.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akiomba karatasi na penseli, mpe. Mpeleke pia kwa babu na nyanya, amuulize mzee jinsi pembe zilivyokuwa na ndama walivyoitwa. Siku filamu itakapoonyeshwa, mtoto fulani atauliza, "Ng'ombe hawa walikuwa wa nani?" Swali hilo halijaisha huku kwetu hadi leo, na mchoro wenye nundu utamsaidia kuanza kulijibu.