Moyo Hupigwa Picha Unapopumzika

Mgonjwa anayekuja kupimwa mishipa ya moyo kwa CT scan huulizwa mapema: "Leo umekunywa kahawa?" Wengine hushangaa, maana wamezoea kuulizwa kuhusu chakula. Sababu ni kwamba kahawa huweza kuuchangamsha moyo, na miraa vilevile, na moyo unaokwenda mbio ni mgumu mno kuupiga picha.

Mishipa ya koronari, ile inayoulisha moyo wenyewe, ina upana wa milimita 2 hadi 4 hivi, tena imelala juu ya msuli usiosimama hata mara moja. Mashine nyingi huhitaji nusu ya mzunguko wake kukusanya picha moja. Ile inayomaliza mzunguko kwa milisekunde 280 itahitaji basi milisekunde 140. Zenye mirija miwili ya eksirei hutumia robo tu ya mzunguko. Hata hivyo moyo hauna budi kuipa mashine nafasi.

Nafasi hiyo ipo. Moyo ukipiga mara 60 kwa dakika, kila pigo huchukua milisekunde 1,000. Takriban theluthi moja ni ya kukaza, na iliyobaki ni ya kulegea na kujaa damu. Katikati ya kulegea huko, damu nyingi imeshaingia na vyumba vya juu bado havijakaza, kwa hiyo mishipa hutulia kwa muda mfupi. Mashine hufuata kipimo cha umeme wa moyo, ikahesabu kutoka pigo moja, kisha ikapiga picha ikifika kama asilimia 70 hadi 75 ya njia kuelekea pigo linalofuata.

Mapigo yakifika 100, pigo zima ni milisekunde 600. Mtu angedhani kila sehemu imepungua sawasawa, lakini sivyo. Muda wa kukaza hupungua kidogo tu, na mapumziko ndiyo yanayoliwa, hadi ule utulivu wa katikati ukaribie kutoweka. Ndiyo maana tunapenda mapigo yawe chini ya 65, na ikiwezekana yasizidi 60. Yakigoma kushuka, tunahamia mwisho wa kukaza, ambako kuna kituo kingine kifupi.

Wa kwanza kuharibika ni mshipa wa kulia. Unapita kwenye mfereji kati ya chumba cha juu na cha chini, na vyote viwili huuvuta huku na huku. Ukikatwa kwa upana wake, mshipa uliotulia huonekana kama duara jeupe lenye ukingo safi. Uliokuwa ukisogea hutokea kama mwezi mchanga wenye mikia ya ukungu, na hapo hakuna anayeweza kuapa kama mshipa umeziba au ulitikisika tu.

Jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili ni pumzi. Mgonjwa akiambiwa "vuta pumzi, zuia," kwa wengi mapigo hushuka kidogo sekunde za mwanzo, kisha huanza kupanda tena akiendelea kuzuia. Akivuta kupita kiasi na kukaza tumbo, damu inayorudi moyoni hupungua na moyo huongeza mbio. Basi fanya mazoezi naye kwanza, ukitazama namba kwenye skrini: 70, 69, 64, 63. Ukishaujua mwendo wake, unajua wakati wa kupiga.

Dawa yenye madini joto inayosukumwa kwenye mshipa wa mkono huleta joto kifuani hadi kinenani, mtu akahisi kama amejikojolea. Asiyeambiwa hushtuka, na mapigo hupanda sekunde zilezile za picha. Kumweleza mapema ni sehemu ya kipimo.

Ili kupunguza mapigo, mara nyingi tunatoa metoprololi, miligramu 50 hadi 100, saa moja kabla. Mwenye pumu lazima aseme, kwa sababu huenda ikambana kifua. Kuna pia naitrogliserini ya chini ya ulimi, inayopanua mishipa ionekane vizuri. Aliyetumia dawa ya nguvu za kiume kama sildenafili aseme bila kuona haya, kwani zikikutana presha huweza kuporomoka vibaya.

Wastani mzuri wa mapigo pekee hautoshi. Mashine hukisia pigo lijalo kwa kuangalia yaliyopita, hivyo pigo moja la ziada huweza kuufanya mshipa mzima uonekane umekatika. Mapigo yakiwa ya haraka au yasiyo na mpangilio, inabidi mashine iwashe eksirei kwa kipindi kirefu zaidi, na mgonjwa hupokea mionzi mingi zaidi. Moyo wa polepole na wa mpangilio huiruhusu iwashe kipande kifupi tu.

Kwa hiyo, kama una miadi, acha kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu kwa saa 12, na miraa pia. Dawa zako za presha usiziache bila kumuuliza daktari: kuna ambazo, ukiziacha ghafla, moyo hukimbia kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza kuzitumia.