Mashabiki wangali wanazozania ukoo wa muuaji wa Halloween

USIKU wa Oktoba 31, 1963, katika mji wa Haddonfield, jimbo la Illinois nchini Marekani, mtoto wa miaka sita anachukua kisu jikoni, anapanda ghorofani na kumuua dada yake, Judith. Wazazi wanaporejea wanamkuta nje ya nyumba amevaa vazi la mchekeshaji wa sarakasi, kisu kingali mkononi. Hasemi neno.

Mji huo haumo katika ramani yoyote kwa kuwa ni wa sinema tu. Hata hivyo, kimya cha mtoto huyo, Michael Myers, kimewafanya watazamaji wabishane kwa zaidi ya miaka 40 kuhusu swali moja: ni kwa nini aliua, na kwa nini, baada ya kutoroka hospitali ya wagonjwa wa akili miaka 15 baadaye, alimwandama msichana aitwaye Laurie Strode na wala si mwingine?

Filamu ya kwanza, Halloween, ilitoka mwaka wa 1978. Jina lake ni la mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambapo watoto wa Marekani huvaa vinyago na kupita mlango hadi mlango wakiomba peremende. Iliongozwa na John Carpenter, aliyeiandika pamoja na Debra Hill, kwa gharama ya takriban dola 325,000, fedha kidogo mno kwa sinema hata enzi hizo. Kinyago cheupe cha muuaji kilikuwa cha kununuliwa dukani, chenye sura ya mwigizaji William Shatner wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Kutokana na mtaji huo mdogo pamezaliwa msururu wa filamu 13, ya mwisho ikiwa ya 2022.

Katika filamu hiyo ya kwanza, jibu la swali la Laurie ni jepesi kiasi cha kuudhi. Babake ni wakala wa kuuza nyumba. Asubuhi anamtuma binti apitie nyumba ya akina Myers, iliyogeuka mahame tangu mauaji, aache ufunguo kwa ajili ya mnunuzi. Laurie anafika mlangoni, anauinamia mkeka, anaondoka. Nyuma ya mlango ule, gizani, amesimama Michael. Basi. Angetumwa msichana mwingine, pengine angekufa mwingine. Muda mfupi baadaye Laurie yumo darasani, mwalimu anafundisha kuhusu majaliwa, naye akitupa jicho dirishani anaona gari la mtu anayemfuata. Katika orodha ya waigizaji, mtu yule wa kinyago hakupewa hata jina lake. Aliitwa Umbo tu.

Watazamaji hawakuridhika. Binadamu akikosa sababu huitunga, na sababu ya kwanza kumjia aghalabu ni ya nasaba. Hata kwetu, kifo kisichoeleweka kikitokea, matanga hayajaanuliwa watu wameshauliza mkono wa nani umehusika, na jicho huelekezwa kwa jamaa wa karibu. Mashabiki wa Halloween nao waliuliza vivyo hivyo: aliyemuua dada mmoja, huenda anamtafuta dada wa pili?

Mwaka wa 1981 walipewa jibu hilo. Katika Halloween II, iliyoongozwa na Rick Rosenthal lakini ikaandikwa tena na Carpenter na Hill, inafichuliwa kwamba Laurie ni mdogo wake Michael. Alizaliwa miaka miwili kabla ya Michael kufungiwa hospitalini; wazazi wao walipofariki, akachukuliwa na familia ya Strode, na kumbukumbu za ukoo wake zikafungwa kwa siri. Mwaka huo huo filamu ya kwanza ilipopelekwa katika runinga, iliongezewa vipande vipya, kimojawapo kikionyesha neno "dada" limekwaruzwa mlangoni mwa chumba cha Michael hospitalini. Hivyo udugu ukapandikizwa nyuma, katika hadithi ambayo haikuwa nao.

Carpenter mwenyewe amesimulia katika mahojiano kwamba alilipata wazo hilo akihangaika na mswada usiku wa manane, bia pembeni, akiwa hana jambo jingine la kusimulia. Hakuwahi kulipenda. Alihisi kwamba uovu uliotisha kwa sababu haukuwa na anwani sasa umepewa anwani. Hoja yake ina nguvu. Mtazamaji wa 1978 alirudi nyumbani akiogopa mlango wake mwenyewe. Mtazamaji wa 1981 angeweza kujifariji kwamba yeye si wa ukoo wa Myers.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kulitupa wazo hilo zima. Ubaya wa udugu ni kwamba ulimpunguza muuaji. Uzuri wake, ambao pengine Carpenter hakuukusudia, ni kwamba uliwafanya watu wamtazame aliyenusurika. Tangu hapo ubishi wa mashabiki ulianza kugeuka. Badala ya kuuliza tu ni nini kilimpata Michael, waliuliza ni nini humpata mtoto anayezaliwa katika nyumba iliyoguswa na mauaji.

Filamu ya 1988, ya nne, ndiyo iliyolishika swali hilo kwa ujasiri. Laurie anasemekana kufa katika ajali ya gari, akaacha binti mdogo, Jamie Lloyd, aliyeigizwa na Danielle Harris. Jamie analelewa na watu baki. Shuleni wenzake wanamzomea kwamba yeye ni yatima na kwamba mjomba wake ndiye zimwi. Hana kosa ila damu. Mwishoni, muuaji akidhaniwa amekufa, mtoto huyo, akiwa amevaa vazi la mchekeshaji wa sarakasi, anamchoma mama yake mlezi kwa makasi, kisha anasimama juu ya ngazi, kimya. Dkt Sam Loomis, daktari aliyemtibu Michael kwa miaka mingi, anapiga mayowe anapotambua picha aliyokwisha kuiona.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na mgawanyiko huo haujaisha. Wapo walioisoma tamati ile kama ushahidi kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Wengine walisema la: aliyemgeuza Jamie si mjomba bali mji mzima uliomwita zimwi hadi naye akaamini. Usomaji wa pili ndio wenye uzito zaidi, kwa kuwa kila mzomeo wa shuleni umewekwa katika filamu hiyo kwa makusudi. Ungekuwa wa kazi gani iwapo jibu lote limo ndani ya damu? Kwa bahati mbaya watengenezaji waliingiwa na woga. Katika filamu ya 1989 mama mlezi amepona, na Jamie ni mtoto aliyepoteza uwezo wa kusema, anayehisi kwa mbali kila jambo mjomba analotenda. Ile ya 1995 ikaleta kundi la siri lenye laana ya kale, eti ndilo lililomlazimisha Michael kuimaliza familia yake. Ni maelezo mengi kuliko yote yaliyowahi kutolewa, na ndiyo yasiyomtisha mtu.

Maelezo ya namna nyingine yalikuja mwaka wa 2007, wakati mwanamuziki na mwongozaji Rob Zombie alipoitengeneza hadithi upya. Yeye alijibu swali la mashabiki kwa utoto: Michael wa miaka kumi anaishi na mama anayecheza uchi klabuni ili kulisha watoto, mwanamume wa nyumbani ni mlevi wa matusi, na shuleni anaonewa. Mtoto mchanga pekee ndiye anayemwonea huruma, na mtoto huyo ndiye atakayekuwa Laurie. Katika filamu ya pili ya Zombie, ya 2009, Laurie anagundua asili yake kwa kusoma kitabu alichoandika Loomis kwa tamaa ya umaarufu. Waliosifu filamu hizo walisema hatimaye jeraha limeonyeshwa. Waliozipinga waliuliza, na waliuliza vyema, mbona nyumba nyingi zenye shida hizo hizo hulea watu wema.

Kuna upande mmoja wa ubishi huu unaostahili tahadhari. Mashabiki wengi hupenda kumpimia Michael ugonjwa wa akili, kila mmoja akija na jina lake la kitabibu. Filamu ya kwanza haimpi ugonjwa wowote. Loomis, ambaye ni tabibu wa akili, anasema alijaribu kwa miaka minane kumfikia mtoto yule, kisha miaka saba akajitahidi asitoke nje, na anachomwita si mgonjwa bali uovu. Kwa hadithi ya kutisha neno hilo linafaa sana. Kwa daktari ni kukata tamaa. Sinema za aina hii zimechangia dhana kwamba aliyelazwa hospitali ya akili ni wa kuogopwa, ilhali wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu, na wao ndio zaidi hudhuriwa.

Mwaka wa 2018 mwongozaji David Gordon Green alifuta kila kitu isipokuwa filamu ya kwanza. Udugu ukaenda na maji. Katika maongezi ya njiani, kijana mmoja anamuuliza Allyson, mjukuu wa Laurie, kama muuaji hakuwa kaka wa nyanya yake. Allyson anamjibu kwamba hayo watu waliyatunga tu. Kwa maneno hayo machache filamu ilizigeuza sehemu kadhaa zilizotangulia kuwa uvumi wa mjini.

Jambo la ajabu ni kwamba, baada ya kukatwa uhusiano wa damu, hadithi ikawa ya kifamilia kuliko awali. Laurie, angali akiigizwa na Jamie Lee Curtis, sasa ni mwanamke mzee anayeishi katika nyumba yenye vyuma, taa za ulinzi na bunduki. Ndoa mbili zimevunjika. Binti yake, Karen, alifunzwa kupiga risasi utotoni, na alipokuwa na umri wa miaka 12 serikali ikamwondoa mikononi mwa mama. Karen anaichukia ile sakafu ya chini ya ardhi alimofichwa akiwa mtoto. Anamwambia mama yake hataki Allyson arithi hofu hiyo. Kwa hakika Michael hakumgusa Karen hata mara moja utotoni mwake. Aliyemharibia utoto ni mama aliyempenda, kwa kujaribu kumwokoa.

Mapema zaidi, filamu ya 1998 ilikuwa imeipapasa hoja hii: Laurie ni mwalimu mkuu California kwa jina la bandia, pombe haimtoki mkononi, na mwanawe wa miaka 17 amechoka kuishi kama mfungwa wa kumbukumbu za mamake. Lakini ile ya 2018 ilikwenda mbali, na ndiyo sababu mashabiki bado huichambua tamati yake. Karen yumo katika shimo lile lile analolichukia, bunduki mkononi, akilia kwamba hawezi. Michael anajitokeza mlangoni. Machozi yanakauka mara moja, na Karen anafyatua risasi. Kulia kulikuwa chambo. Kisha wanawake watatu wa vizazi vitatu wanamfungia humo na kuitia nyumba moto, na hapo mtazamaji anafahamu kwamba chumba alichodhani ni cha kujifichia kilijengwa kuwa mtego.

Je, basi Laurie alikuwa sahihi kumlea binti yake vile? Baadhi ya mashabiki husema ndiyo, kwa kuwa mafunzo ndiyo yaliyowaokoa. Wengine hukumbusha kwamba Karen aliuawa katika filamu iliyofuata, ya 2021, na kwamba miaka aliyonyimwa haikurudi. Filamu hazikutoa hukumu, na katika hili zilifanya vyema.

Halloween Ends ya 2022 ilirudi kwa swali la mji. Kijana Corey Cunningham anasababisha kifo cha mtoto aliyeachiwa kumwangalia, kwa bahati mbaya. Mahakama inamwachilia, mji haumwachilii. Anapokutana na Michael ndani ya mtaro wa majitaka, naye anaanza kuua. Corey hana tone la damu ya Myers. Wapenzi wengi wa msururu huu waliikasirikia filamu hiyo, wakalalamika kwamba Michael haonekani vya kutosha. Lakini walichopewa ni jibu la swali lililozushwa na makasi ya Jamie mwaka wa 1988: kwamba zimwi laweza kutengenezwa na majirani.

Michael mwenyewe anauawa na Laurie jikoni, kisha mwili wake unapelekwa kwa msafara hadi penye mtambo wa kusaga vyuma chakavu, wakazi wakishuhudia, ili asibaki mtu wa kusema atarudi. Ila kinyago hakikusagwa. Picha ya mwisho inakionyesha kimewekwa juu ya meza nyumbani kwa Laurie, na sasa mashabiki wanabishana ni kwa nini alikihifadhi.